Tulikuwa tunalilia urefu, kumbe mpira haufiki hata katikati ya uwanja

Kwenye grupu letu la mashabiki wa kikapu ugomvi wa urefu haujawahi kwisha. Kila timu ya taifa ya vijana ikikaribia mechi za kufuzu za Kanda ya Tano, hata kabla majina ya wachezaji 12 hayajatoka, wa kwanza atauliza senta wetu, yule wa chini ya ringi, ana futi ngapi, wa pili atasema sisi hatuna watu warefu ndiyo maana, wa tatu atamtaja Hasheem. Miaka yote ni hivyo. Na mimi nilikuwa upande huohuo tena kwa sauti kubwa, nimeandika humo meseji ndefu sijui ngapi kwamba tupite mikoani tukusanye vijana warefu tuwaweke kambini na tutawafunga wote. Nilikuwa naamini kabisa.

Na siyo ajabu tuliamini. Hasheem Thabeet katoka Dar, ana mita 2.21, mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya Marekani, timu ya Memphis wakamchukua wakati James Harden bado yupo amekaa anasubiri, akaitwa wa tatu, na Stephen Curry akaja kuitwa wa saba. Mtanzania mwenzetu. Mimi nilikuwa kidato cha pili hapa Bukoba, nacheza gadi, yule anayepandisha mpira, timu ya wasichana ya shule, mwalimu wa michezo akaja uwanjani na gazeti tukaliinamia wote mpaka likachanika. Furaha ile sijaisahau mpaka leo. Ila nikitazama nyuma naona ilituachia wazo moja ambalo hatukulichunguza tena, kwamba kikapu ni urefu basi.

Sasa kwa ambao hawafuatilii sana, AfroBasket, yaani ubingwa wa Afrika, ya chini ya miaka 18 (U18) inachezwa miaka ya shufwa na ile ya chini ya 16 inachezwa miaka ya witiri, lakini huendi tu, lazima utoke kwenye kanda yako, na kanda yetu sisi tumo na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia, na Misri nao wamo humohumo, kwa hiyo unaelewa ugumu wake. Ukitoka hapo ukafika AfroBasket ya U18, wawili wa juu wanakwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 19. Yaani mtoto wa shule ya kata akikaza siku chache tu za kanda anaweza kujikuta anacheza na Marekani. Ndiyo maana tunapiga kelele, siyo kwamba hatuna kazi za kufanya.

Mwaka ule mechi za kufuzu za U18 zilikuwa Kampala, na mimi kutoka Bukoba Kampala ni karibu kuliko Dar, ukiamka mapema unavuka Mto Kagera pale Kyaka, unafika mpakani Mutukula mnagongewa muhuri, halafu Masaka, halafu ile sehemu ya Kayabwe watu wanaposhuka kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta, jioni uko mjini. Nikaomba ruhusa ya siku nne dukani. Kabla sijaondoka mzee mmoja wa kwenye grupu, tunamwita Babu, kacheza kikapu Mwanza viwanja vya Mirongo enzi zake, akaniandikia, "Mjukuu, huko unakokwenda usituletee hasira, tuletee hesabu." Nikanunua kaunta buku. Nikachora mistari, ribaundi zetu, yaani mipira tunayodaka mtupo ukikosa, ribaundi zao, mitupo huru, mipira tuliyopoteza. Na nitasema ukweli nilikuwa nimeshajua jibu, nilitaka tu niwaoneshe wote kwa maandishi kwamba tunaporwa ribaundi juu ya vichwa vyetu kwa sababu ni wafupi.

Ukumbi wa Lugogo ndani kuna joto na kelele zinagonga bati zinarudi. Mechi ya kwanza niliyokaa na daftari, robo ya kwanza haijaisha nikaanza kuona kitu. Safu ya ribaundi inakwenda taratibu, wao moja sisi moja, wao mbili sisi moja, sisi mbili. Ila safu ya mipira tuliyopoteza inajaa. Mapumziko yakafika, ribaundi tumepishana kidogo sana, mipira iliyopotea nimefungua ukurasa wa pili. Nikadhani nimekosea, nikamuuliza mtu wa pembeni hivi hapo refa kapuliza nini, akaniambia sekunde nane.

Hii sekunde nane nilikuwa naijua toka shule lakini sijawahi kuiona ikiua timu namna ile. Ukipata mpira upande wako una sekunde nane kuuvusha nusu ya uwanja, usipovusha wanapewa wao. Sasa wenzetu wakifunga tu kikapu hawarudi nyuma, wanakusubiri palepale, mmoja mbele ya anayerusha, wawili wanamfuata anayepokea, wanamsukumia kwenye kona pale mstari wa pembeni unapokutana na mstari wa nyuma, na mistari haipitiki kwa hiyo ni kama umezungukwa na watu wanne. Kijana wetu anageuka hivi ukuta, anageuka hivi ukuta, anaurusha juu, wanaudaka hatua tatu kutoka kwenye ringi yetu wanafunga leyapu. Tunarusha tena. Wanadaka tena. Kuna wakati walifunga mara tatu mfululizo sisi hatujavuka nusu ya uwanja hata mara moja, na kocha wetu keshamaliza taimauti zake. Na waliokuwa wanatufanyia hivyo wengi wao walikuwa wafupi kuliko vijana wetu! Hilo ndilo lililonichoma. Niliandika mpaka mkono ukauma.

Yule mtu wa pembeni alikuwa kijana wa Kiganda dereva wa boda, aliwahi kufanya kazi Mwanza sokoni Kiswahili chake kizuri tu, tukawa tunakaa pamoja siku zote. Aliniambia, "Dada, wewe unaangalia mpira. Angalia miguu ya yule anayepokea." Nikaanza kuangalia miguu. Kweli jamani, wenzetu wanapokea huku wameshageuka nusu, mguu mmoja tayari unaelekea mbele, macho yameshaona uwanja wote. Wetu wanapokea wamewapa mgongo watu wote wanane walioko mbele, halafu ndiyo wanageuka, na wakigeuka muda umekwisha mtu keshafika. Nusu sekunde hiyo. Nimeangalia kikapu miaka mingi na sikuwahi kuiona mpaka mtu wa boda aliponionesha.

Jioni tukaenda kula rolex barabarani, chapati ya kukunja, mayai mawili kabeji kidogo, na hapo tukabishana vizuri sana kuhusu Khaman Maluach, yule senta kijana mrefu. Yeye anasema huyo ni wa Kampala, kakulia Kawempe, hata kikapu kaanzia hapahapa 2019. Mimi namwambia kazaliwa Rumbek, na jezi aliyovaa Kombe la Dunia 2023 akiwa na miaka 16 ni ya Sudan Kusini, kwa hiyo ni wao. Akasema sawa jezi ni yao lakini vumbi ni letu. Basi nikaona nafasi, nikamwambia si unaona lakini, urefu ule, ungekuwa kwetu tusingeteseka. Akaacha kula akanitazama. Akasema, "Dada warefu wapo hapa Kampala wengi, nenda soko la Owino utawaona wamebeba magunia. Huyu alipata mtu wa kumfundisha, akapelekwa Senegal kwenye akademi, amefundishwa." Sikuwa na la kujibu, nikalipa rolex zote mbili. Huyo Maluach baadaye 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti, yuko Phoenix, na kila nikisikia jina lake nakumbuka ile sentensi ya magunia.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Usiku wa siku ya pili nikapiga picha kurasa za daftari nikazituma kwenye grupu. Nilikuwa nimeandika kwa namba za jezi, nani kapoteza mara ngapi. Nia yangu ilikuwa nzuri, nilitaka waone kwamba siyo ribaundi ni mipira, nikaandika na maelezo marefu chini. Maelezo hayakusomwa. Kilichosomwa ni ile namba moja yenye vijiti vingi kuliko wote. Ndani ya robo saa mtu kaizungushia wino mwekundu kaandika "mchawi wetu huyu hapa", mwingine kaongeza picha ya kijana mwenyewe kakatwa kutoka kwenye laivu, asubuhi naamka naambiwa imefika kwenye magrupu mengine matatu na watu wanaandika mambo ambayo siwezi kuyarudia, kwa mtoto wa miaka 17 ambaye ana simu na yuko hotelini na wenzake na saa tisa ana mechi nyingine.

Saa mbili asubuhi ikaingia sauti kutoka namba nisiyoijua. Mwanamke, sauti ya chini kama mtu aliyejifungia chumbani asisikike. "Mdogo wangu habari za asubuhi. Nimepewa namba yako, nimeambiwa wewe ndiye uliyeandika lile daftari. Mimi ni mama wa huyo mliyemzungushia wino."

Nilikaa kitandani sikuweza kuendelea kusikiliza, nikaiweka chini, nikaichukua tena.

Hakunitukana. Alisema mwanae toka kidato cha kwanza ndiye mrefu kuliko wote shuleni kwao kwa hiyo toka siku ya kwanza akawekwa senta. Kazi yake ni kusimama chini ya ringi, akipata mpira afunge, akiwa mbali ampe mfupi. Akidunda anapigiwa kelele, wewe mrefu usidunde utaporwa. Miaka minne hiyo. Akawa anadunda nyumbani uani usiku akitoka prepu, na yeye mama akamkataza kwa sababu ya kelele na majirani, hilo alilisema na akanyamaza kidogo. Halafu kijana akaitwa timu ya taifa, akaingia kambini akakuta wenzake wamempita urefu, wakamwambia wewe kwa kimo chako kwenye kanda ni gadi, utasaidia kupandisha mpira. "Sasa mdogo wangu," akasema, "mnamcheka kwa kazi ambayo hajawahi kupewa tangu azaliwe."

Niliisikiliza mara tatu. Nikampigia, nikamwambia shikamoo mama, nikaomba msamaha, nikashindwa kusema vizuri nikalia, akaniambia usilie wewe nenda kamshangilie. Nikafuta zile picha kwenye grupu letu na nikaandika kwamba nimekosea kuweka namba za watoto na naomba aliyezipeleka kwingine azifute, wapo waliofuta, wapo walioniambia nimekuwa laini, na zilizokwenda mbali zilikuwa zimeshakwenda. Ndiyo maana hata hapa namba yake siandiki wala sitaji mwaka.

Mchana nikakaa palepale na yule wa boda, daftari nikalifunga nikaliweka chini ya kiti. Nikamwangalia yule kijana mmoja tu. Na nikaona kila kitu mama alichosema. Anapokea mgongo ukiwa mbele kwa sababu miaka minne amefundishwa kupokea mgongo ukiwa mbele, ndivyo senta anavyopokea! Amekaa vizuri, magoti yamekunjwa, kiwiko kimemzuia mtu nyuma, ingekuwa ni chini ya ringi ni safi kabisa, ila yuko mita 20 kutoka kwenye ringi ya wenzetu. Robo ya tatu ikatokea mara moja mpira ukadondoka akajikuta karibu na ringi na mtu nyuma yake, akageukia bega la kushoto taratibu akaweka kwenye kioo ukaingia, hakugombana na mtu. Nilisimama nikapiga kelele mpaka watu wa mbele wakageuka.

Kwenye basi la kurudi sikulala. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na kilikuja vizuri tulipokaribia mpakani. Timu yetu ya shule ilikuwa na msichana mrefu, alinipita kwa kichwa na nusu, na mimi ndiye nilikuwa yule mfupi anayepewa mpira. Nani alikuwa anampigia kelele asidunde? Mwalimu ndiyo, lakini zaidi ni mimi. "Nipe! Nipe! Utaporwa!" Naisikia sauti yangu kabisa. Akidaka ribaundi nakwenda kumnyang'anya mpira mkononi kama vile kaazima. Alikuwa na mikono laini yule dada, akichukua mpira mazoezini tukiwa tunataniana alikuwa anapita katikati yetu vizuri tu. Alipomaliza kidato cha nne hakugusa mpira tena. Nilimtafuta baada ya safari ile nikampata, ana watoto wawili, tukaongea muda mrefu, nikamuuliza anakumbuka, akacheka akasema "Nilikuwa nawaza nyie mnajua zaidi."

Basi nikarudi kwenye grupu na swali moja, siyo hesabu. Nikauliza wote mliocheza shuleni mkiwa warefu, mliwahi kuruhusiwa kuvusha mpira? Majibu yalikuja siku mbili. Karibu wote hapana. Mmoja alisema kaambiwa akivuka nusu ya uwanja na mpira atakaa benchi. Babu akaeleza vizuri kuliko wote, kwamba mwalimu wa shule naye tusimlaumu bure, ana mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yanakuja, wiki chache tu za kujiandaa, akishinda ngazi ya wilaya anaonekana na akishindwa anaulizwa, sasa kwa nini amfundishe mrefu kudunda kwa miezi sita wakati leo akimweka chini ya ringi anapata vikapu kumi vya bure kwa watoto wafupi? Kila mtu anachukua faida yake ya leo, shule, mkoa, halafu kijana anafika kanda ana miaka 17 anakutana na wenye urefu kama wake ambao wamedunda toka wana miaka tisa. Na mimi nakubaliana na Babu ila naongeza kwamba sisi mashabiki ndio tulioongoza kwa kuimba urefu, mwalimu anatusikia.

Halafu kuna mtu akaleta Madagascar na huo mfano ulimaliza ubishi mwingi. Wale waliandaa AfroBasket ya U18 Antananarivo 2022, wakatoka wawili wa juu pamoja na Misri, 2023 wakaenda Debrecen kule Hungaria kwenye Kombe la Dunia la U19. Madagascar! Hakuna mtu aliyewahi kuitaja nchi ile kwa urefu. Ni mbio na mikono na kila mtu anadunda.

Kitu kingine nilichojifunza kule, nakisema harakaharaka maana kwenye grupu tulikuwa tunawatukana makocha bure. Ukiona timu imeachwa pointi 25 na kocha bado ameacha wale watano wake wazuri mpaka mwisho, siyo roho mbaya kwa wa benchi. Ushindi ni pointi mbili, kufungwa ni moja, na timu mbili zikilingana FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, wanaangalia kwanza waliocheza wenyewe kwa wenyewe nani kashinda, zikiwa tatu zimefungana kwa duara wanaangalia tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa baina yao. Kwa hiyo kufungwa 25 na kufungwa 14 ni vitu viwili tofauti kabisa, na kile kikapu cha sekunde ya mwisho ambacho wewe jukwaani umeshasimama unatafuta mlango kinaweza kuwa ndicho cha kufuzu. Siku hizi sitoki mpaka king'ora kilie.

Hapa Bukoba kuna uwanja wa shule moja wa saruji, ringi moja imeinama upande, nyingine nzima. Niliomba kwa mwalimu Jumamosi jioni nikae na watoto saa mbili, akakubali kwa sharti nisimharibie timu yake, nikamwambia sitaharibu. Tunafanya zoezi moja tu refu. Mrefu kuliko wote ndiye anavusha mpira, wafupi wanne wanampresi, na waliokaa pembeni wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka nane. Mwanzoni walicheka. Wafupi walikasirika sana kwa sababu mpira ni wao, mmoja akaniambia madamu huyu ataporwa, na mimi niliposikia hilo neno nilitamani kukaa chini.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili, mrefu, ana aibu, anatembea amekunja mabega ili asionekane. Jumamosi tatu za kwanza hakuvuka hata mara moja. Anapokea amegeuza mgongo, nasimamisha, nakwenda namshika mabega namgeuza nusu, naweka mguu wake wa kulia mbele kwa mkono wangu, namwambia pokea hivi, tunaanza tena. Anaporwa. Tunaanza tena. Hakuna anayeandika popote nani kaporwa mara ngapi.

Jumamosi iliyopita mvua ilikuwa imenyesha uwanja una madimbwi upande mmoja, akapokea mguu ukiwa umeshageuka, mmoja akaja akampita kwa mkono wa kushoto, wawili wakaja wakambana kwenye mstari, akauinua mpira juu kabisa kule wasikofika akasubiri wakaruka, akashusha akadunda mara mbili akapita katikati yao huku wenzake pembeni wanahesabu tano, sita, saba, akavuka. Halafu akasimama palepale kwenye duara la kati na mpira mikononi anaangalia huku na huku ampe nani, maana wenzake wote walikuwa wamesahau kukimbia, wamesimama wanamwangalia yeye.